Na babu yumo? Namna ya kusoma hesabu za vifo wakati wa janga



Vijana wenzangu, somo la leo huwezi kulikuta kwenye katekisimu likiwa na kichwa chake, ila linagusa amri ya nane na linagusa makaburi ya nyumbani kwetu. Tujifunze kusoma hesabu za watu waliokufa katika janga, pamoja na makadirio ya watakaokufa. Nachukua mfano wa Korona kwa sababu sote tuliiona. Magonjwa mengine ya mlipuko yatakuja, na siku hiyo simu zetu zitajaa namba tena.

Naanza kwa kuungama kidogo. Mei 2020 nilikuwa nyumbani, masomo ya falsafa yamesimama. Kwenye grupu la WhatsApp la vijana wa parokia nikatuma ujumbe wa kejeli: eti wataalamu wa Uingereza walisema kwao watakufa watu 510,000, na Marekani milioni 2.2, haya wako wapi? Nikamalizia na vikatuni vya kucheka. Nilisifiwa kweli kweli. "Frateri kasoma huyo!"

Februari 2021 babu yangu mzaa mama akaanza kukohoa. Tukampigisha nyungu, tukamchemshia tangawizi na malimao. Siku ya sita akawa hawezi kumaliza sentensi moja bila kupumzika katikati. Akapelekwa hospitali, hakurudi. Hakupimwa Korona. Kwenye karatasi yake waliandika shida ya upumuaji.

Tulipokuwa tunaanua matanga, bibi akaniita pembeni. Alikuwa amezoea kusikiliza redio usiku. Akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe ndiye msomi. Hao wanaotajwa kwamba wamekufa duniani, na babu yako yumo?"

Nikakosa jibu. Miaka mitatu ya falsafa, nikakosa jibu la swali la bibi. Haya ninayoandika ndiyo jibu nililomrudishia baadaye, nilipokwisha kusoma kwa utulivu.

Swali la kwanza: kahesabiwa nani?

Tukisikia "wamekufa watu kadhaa" tunadhani kuna mtu alipita kaburini akahesabu misalaba. Sivyo. Ile namba ya kila siku ilikuwa ya watu waliotimiza masharti fulani: amepimwa, majibu yamerudi, amekufa, taarifa imefika juu, imetangazwa. Akikosa hatua moja, hayumo.

Na masharti hayo hayakuwa sawa kila mahali. Aprili 17, 2020 mji wa Wuhan kule China uliongeza vifo 1,290 kwa mkupuo, wakiwemo watu waliokuwa wamefia majumbani. Agosti 2020 ikawa kinyume chake Uingereza: waliamua kwamba anayehesabiwa ni yule aliyekufa ndani ya siku 28 baada ya kipimo kuonyesha ana Korona. Vifo zaidi ya 5,000 vikaondoka kwenye hesabu. Hakuna aliyefufuka, kilichobadilika ni kanuni ya kuhesabu.

Kwetu Tanzania, tangazo la mwisho la kitaifa la mwaka 2020 lilitoka mwishoni mwa Aprili, na baada ya taarifa za Zanzibar hesabu ikabaki kwenye wagonjwa 509 na vifo 21. Ikabaki hapo zaidi ya mwaka mzima. Ilikuwa 21 kabla ya babu, ikawa 21 baada ya babu.

Kwa hiyo ukiona namba, usikimbilie kuuliza kama ni kubwa au ndogo. Uliza kwanza: ili mtu aingie humu alipaswa awe na nini?

Swali la pili: kwa kawaida hufa wangapi?

Sasa kama vipimo hakuna, tunajuaje? Hapa kuna njia rahisi mpaka mtoto wa darasa la nne anaiweza. Ni kutoa.

Nembro ni mji mdogo kaskazini mwa Italia, mkoa wa Bergamo, wenye watu kama 11,500. Kwa wastani wa miaka ya nyuma, kuanzia Januari hadi kuelekea mwisho wa Machi mji ule ungetarajia vifo kama 35. Mwaka 2020 meya wao, Claudio Cancelli, na mwenzake walifungua daftari la manispaa wakakuta 158. Vilivyoandikwa rasmi kuwa vya Korona vilikuwa 31.

Chukua kalamu. 158 toa 35, unabaki na 123. Hivyo ndivyo vifo vya ziada, yaani vilivyozidi kawaida. Toa tena 31 vilivyotambuliwa, unabaki na 92. Watu 92 wa mji mmoja mdogo ambao hakuna taarifa ya habari iliyowataja.

Njia hii nayo ina mipaka yake. Ndani ya vifo vya ziada yumo pia mgonjwa wa moyo aliyekosa kitanda kwa kuwa wodi zimejaa, na mama mjamzito aliyeogopa kwenda kliniki. Janga limewaua hao pia, ila kwa mlango wa nyuma. Upande mwingine, watu wakikaa ndani ajali za barabarani hupungua, na hilo huishusha ziada. Pamoja na hayo, kutoa kuna faida moja kubwa: hakutegemei kipimo cha maabara, kunategemea daftari la vifo linalotunzwa kwa uaminifu.

Mei 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya namna hiyo kwa dunia nzima. Vifo vya Korona vilivyoripotiwa kwa miaka 2020 na 2021 vilikuwa kama milioni 5.4. Vifo vya ziada wakavikadiria kuwa milioni 14.9. Wakaweka na uzio pande zote mbili: huenda ni 13.3, huenda ni 16.6. Wengi tukiona uzio tunasema "kumbe hata wao hawajui". Ndugu yangu, mtu anayekuonyesha mwisho wa ujuzi wake anakuheshimu. Wa kumwogopa ni yule mwenye namba moja kamili isiyo na shaka, tena imetumwa mara nyingi.

Nchi nyingi za Afrika hazikuwa na madaftari ya vifo yaliyokamilika, hivyo walizikadiria kwa kulinganisha na nchi zenye takwimu. Wengine walipinga waziwazi, India ikiwa mstari wa mbele. Mjadala ni haki, na makadirio si Injili. Ila kusema "ukweli haupo" kwa sababu watu wanabishana juu ya kipimo chake ni kosa ambalo mwalimu wetu wa mantiki asingetuachia hata dakika moja.

Swali la tatu: asilimia ya nani?

Machi 3, 2020 Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, alisema kwamba kati ya wagonjwa walioripotiwa, kama asilimia 3.4 walikuwa wamefariki. Mtaani ikageuka kuwa: ukiambukizwa, uwezekano wa kufa ni 3.4. Baadaye wataalamu wakakadiria kwamba kati ya wote walioambukizwa, waliokufa ni chini ya asilimia moja kwa nchi nyingi. Watu wakasema tulidanganywa.

Nenda kwenye gereji ya bodaboda, uliza pikipiki ngapi zina hitilafu. Utaambiwa karibu zote, maana nzima haiji gereji. Mwanzoni mwa janga waliopimwa wengi walikuwa ndio wale waliokwisha kuzidiwa. Neno la kushika ni "walioripotiwa". Tedros alilitaja, sisi tukalidondosha njiani.

Na usidharau asilimia ndogo. Nusu ya asilimia katika parokia ya waamini 10,000, wakiambukizwa wote, ni misa 50 za mazishi. Muulize paroko wako kama ni jambo dogo.

Swali la nne: ikiwa nini?

Narudi kwenye ujumbe wangu wa kejeli. Ile ripoti ya Machi 16, 2020 ya Imperial College London, iliyoongozwa na Neil Ferguson, ilikuwa na neno moja nililoliruka: ikiwa. Ikiwa serikali hazitachukua hatua yoyote na watu hawatabadili mwenendo wao, ndipo vifo vitafika 510,000 Uingereza na milioni 2.2 Marekani. Siku saba baadaye Uingereza ilifungwa. Lile sharti halikutimia.

Mama anakwambia, "Ukinywa maji ya dimbwi lile, tumbo litakuuma." Hukunywa, tumbo halikuuma. Je, mama ni mwongo? Kwenye mantiki tunafundishwa kwamba sentensi ya "ikiwa" haivunjwi kwa kuonyesha kwamba matokeo hayakutokea. Inabidi uonyeshe kwamba sharti lilitimia na bado matokeo hayakuja.

Ndicho kisa cha nabii Yona. Alitangaza kwamba Ninawi utaangamia baada ya siku arobaini. Watu wakafunga, mfalme akashuka kwenye kiti chake, siku arobaini zikapita na mji ukabaki umesimama. Yona akanuna. Alitaka namba yake itimie. Mungu alitaka watu wapone. Nilipokuwa nacheka kwenye grupu kwamba "hawajafa wengi kama walivyosema", nilikuwa nimekaa pale pale alipokaa Yona, nje ya mji, nasubiri tamasha.

Tuwe waangalifu lakini, maana "ikiwa" inaweza kuwa kichaka cha kujifichia. Kuna makadirio yaliyopimwa yakashindwa. Machi 25, 2020 Ferguson huyo huyo aliwaambia wabunge wa Uingereza kwamba kwa hatua zilizochukuliwa, huenda vifo visizidi 20,000. Watu wakapiga kelele kwamba amegeuka. Hakugeuka, alibadili sharti. Safari hii sharti lilitimia, na mwezi mmoja baadaye, Aprili 25, vifo vya hospitalini peke yake vilikuwa vimevuka 20,000. Mpaka janga linatulia, Uingereza ilikuwa imepoteza zaidi ya watu 200,000 na Marekani zaidi ya milioni moja. Kwa hiyo makadirio hukosea kwa kutisha mno, na hukosea pia kwa kufariji mno. Sisi huwa tunakumbuka yale ya kwanza tu, kwa sababu ndiyo yanayochekesha.

Jibu la bibi

Nikamwambia hivi: "Bibi, kwenye zile milioni tano na nusu za redio, babu hayumo. Kwenye zile karibu milioni kumi na tano, wamemwekea nafasi, ila bila jina." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Jina lake liko parokiani."

Na ni kweli liko. Sheria ya Kanisa inataka baada ya maziko jina la marehemu liandikwe katika kitabu cha marehemu cha parokia. Daftari lile analotunza katekista kabatini ni jamaa wa lile daftari la Nembro. Mwanzoni mwa Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padri Charles Kitima, alisema hadharani kwamba ndani ya miezi miwili mapadri zaidi ya 25 na watawa zaidi ya 60 wamefariki wakiwa na shida ya kupumua. Jimbo linajua kwa kawaida huzika mapadri wangapi kwa mwaka, shirika la masista linajua makaburi yake. Hawakuhitaji maabara ili waone kwamba kuna jambo.

Ndiyo maana nasema somo hili linagusa amri ya nane. Tunaweza kushuhudia uongo juu ya marehemu pia. Ukiongeza namba ili utishe watu, umewatumia wafu. Ukiipunguza ili uonekane jasiri, umewafuta. Mchungaji mwenye kondoo mia hawezi kumtafuta yule mmoja kama hajahesabu akajua wamebaki tisini na tisa. Kuhesabu kwa haki ni mwanzo wa kutafuta.

Kazi ya wiki hii

1. Chukua namba moja ya vifo kutoka kwenye simu yako, ipitishe kwenye maswali manne: kahesabiwa nani, kwa kawaida hufa wangapi, asilimia ya nani, ikiwa nini. Lisilojibika, usiisambaze.
2. Kama uliwahi kusambaza namba ya uongo au kejeli, rudi kwenye grupu lile lile useme ulikosea. Mimi nilirudi. Vikatuni vya kucheka vilikuwa vichache zaidi safari hii, sikulalamika.
3. Kwenye jumuiya, andikeni majina ya wote mliowazika mwaka 2020 na 2021. Msibishane walikufa kwa nini. Andikeni majina tu, mpeleke kwa paroko kwa nia ya Misa.

Tusali

Ee Bwana, wewe unamjua kila mmoja wetu kwa jina lake. Wapokee waliokufa bila kupimwa, bila kuhesabiwa, bila kuagwa vizuri. Utupe ulimi usiokuza na usiopunguza. Utufundishe kufurahi pale ubaya tuliouogopa usipotokea. Amina.

Marehemu wote wapumzike kwa amani. Amina.