Gari limegongwa nyuma likiwa limeegeshwa: jinsi ya kupokea fidia na kumlipa fundi kwa simu

Ukitoka Mombasa kuelekea Nairobi, ukishapita Samburu na Taru unafika Mackinnon Road. Hapa watu husimama sana. Wengine huingia kuswali na kuzuru kaburi la Seyyid Baghali Shah lililo kando ya reli, wengine hutafuta chai na chakula, na madereva wa malori hupumzika kabla ya kuendelea na safari. Malori marefu yanarudi nyuma na kukata kona karibu kabisa na magari madogo yaliyoegeshwa. Si ajabu basi urudi kwenye gari lako ukute bampa ya nyuma imepasuka, taa imevunjika, na dereva amesimama kando akikwambia: "Kaka, tuelewane tu. Nitakutumia kwa simu."

Somo letu la leo linahusu neno hilo, "nitakutumia". Tutaangalia mambo matatu: kupokea fidia, kumlipa fundi, na kuweka ushahidi.

1. Kabla hamjataja pesa

Piga picha kwanza, magari yakiwa bado mahali yalipogongania. Picha zionyeshe namba za magari yote mawili, sehemu iliyoharibika, na stika ya bima ya aliyekugonga. Andika jina la dereva, nambari yake ya simu, na jina la mwenye gari, kwa sababu mara nyingi lori si la dereva.

Sheria ya Trafiki ya Kenya (Sura 403) inamtaka dereva aliyesababisha ajali asimame na kutoa majina na anwani anapoulizwa. Asipofanya hivyo, ni lazima aripoti polisi haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Hata kama mnaelewana, ni vizuri uripoti na uchukue abstrakti ya polisi. Ikiwa unakusudia kudai kwa bima, wapigie kampuni yako ya bima kabla ya kukubali chochote, kwani bima nyingi hazitaki uelewane na mtu bila wao kujua.

Na usidhani kwamba stika ya thadi pati ya mwenzako lazima italipa bampa yako. Kifuniko kinacholazimishwa na sheria (Sura 405) ni cha watu kuumia au kufa. Uharibifu wa mali hutegemea mkataba wake unasema nini.

2. Usitaje bei ya bampa ambayo haijafunguliwa

Hapa ndipo wengi hupata hasara. Bampa za magari mengi siku hizi ni plastiki. Inaweza kubonyea kidogo tu, au hata kurudi yenyewe ikaonekana nzima, na huku nyuma yake chuma cha kukinga kimepinda, klipu zimekatika, au sakafu ya buti imejikunja. Fundi hawezi kuona mpaka aifungue. Ukikubali shilingi 8,000 barabarani na kusema "yameisha", kisha fundi wa Ukunda akafungua akakuta kazi ya 25,000, iliyobaki ni yako.

Kabla ya kuondoka jaribu mambo haya: buti linafunga vizuri? Taa za nyuma, za breki na indiketa zinawaka? Namba ya gari inasomeka? Bomba la moshi limekaa sawa? Buti lisilofunga vizuri linaweza kuingiza moshi ndani ya gari. Kama taa za nyuma haziwaki, usiingie barabara ya malori usiku.

Ikiwa mmeamua kuelewana, andikianeni karatasi fupi. Maneno kama haya yanatosha: "Nimepokea 8,000 kama malipo ya kwanza ya kutengeneza gari namba fulani. Salio litajulikana baada ya fundi kufungua bampa." Muweke tarehe, majina, nambari za simu na sahihi. Mtu wa tatu akishuhudia, bora zaidi.

3. Kupokea pesa: salio kwanza, kuachana baadaye

Ujumbe kwenye simu yake si pesa kwako. Hata ujumbe kwenye simu yako unaweza kuwa wa bandia. Kwa watumiaji wa M-Pesa, ujumbe wa kweli hutoka kwa jina MPESA, si kwa nambari ya kawaida ya simu, na una nambari ya muamala yenye herufi na tarakimu 10. Lakini usiishie hapo. Ingia kwenye menyu au programu ya simu na uangalie salio lako mwenyewe. Akisema "mtandao uko chini, itaingia tu", subirini pamoja.

Elewaneni pia kuhusu pesa ya kutoa. Mkisema 8,000, je, ni 8,000 mkononi au ada ya kutoa ni juu yako?

Akikupigia kesho akidai alituma zaidi kwa makosa, usimrudishie kwa kutuma mwenyewe. Mwambie aombe kurudishiwa kupitia kampuni. Kwa M-Pesa, aliyetuma hupeleka ule ujumbe wa muamala kwa 456. Ile karatasi mliyoandikiana itakusaidia kueleza pesa zilikuwa za nini.

4. Kumlipa fundi kwa hatua

Tuchukue mfano. Fundi amekupa hesabu ya 20,000: bampa na taa 11,000, rangi na vifaa 5,000, kazi ya mkono 4,000. Usitume zote kwa mpigo. Fanya hivi:

- Zile 11,000 lipa moja kwa moja kwa Till ya duka la spea, ukishaona bampa inaingia kwenye gari lako. Soma jina la biashara linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Mteja anayelipa kwa Till ya Lipa Na M-Pesa hakatwi ada.
- Zile 5,000 tuma chuma kikishanyooshwa na bampa ikishajaribiwa, kabla ya rangi.
- Zile 4,000 lipa mwisho, ukishafunga buti mara kadhaa, ukawasha taa zote, na ukaangalia rangi mchana kwenye jua. Rangi isiyofanana haionekani vizuri jioni.

Fundi naye ana haki yake. Usichukue gari ukamwachia ahadi ile ile uliyoikataa Mackinnon Road.

5. Kama aliyekugonga ametoroka

Ukiwa na namba ya gari, ripoti polisi, kisha unaweza kutafuta jina la mwenye gari kupitia huduma za NTSA kwenye eCitizen. Malipo ya eCitizen hupitia Paybill 222222. Mtu akikwambia "mimi niko NTSA, nitumie kwa namba yangu nikutolee jina haraka", huyo ni tapeli.

Weka kumbukumbu

Usifute ujumbe wa malipo mpaka kazi iishe na salio lilipwe. Piga picha ya skrini, weka pamoja na picha za gari, karatasi ya makubaliano na risiti za spea. Simu ikipotea, bado unaweza kuomba stetimenti ya akaunti yako ionyeshe siku, kiasi na aliyetuma. Mwenye gari akikana kwamba dereva wake alilipa malipo ya kwanza, au fundi akisema hukumlipa, hutahitaji kubishana. Utamwonyesha.