SOMO LA AFYA: Ramani ya Ubongo

Chukua khanga, uikunjekunje mpaka ienee ndani ya bakuli. Sasa tafuta tundu dogo lililounguzwa na cheche ya moto. Hulioni. Limejificha kwenye mikunjo. Ukitaka kuliona, ni lazima uitandaze.

Ubongo wetu ndivyo ulivyo. Tabaka lake la juu, linalotuwezesha kuona, kusema na kufikiri, ni jembamba. Unene wake ni milimita 2 na nusu hivi. Likitandazwa lingekuwa kama kitambaa cha sentimita 45 hivi kila upande. Limekunjwa ili lienee ndani ya fuvu, na theluthi mbili hivi imejificha.

Mikunjo hudanganya macho. Tia alama mbili kwenye khanga, moja kila pindo. Ukiikunja, alama zinagusana. Ukiitandaza, kumbe ziko mbali! Hata kwenye picha ya ubongo, sehemu mbili zinazoonekana jirani huenda ziko mbali.

Basi wataalamu hufanyaje? Hawapasui fuvu.

Kwanza, mtu hulala ndani ya mashine ya sumaku. Mashine hupiga picha nyingi, kama mkate uliokatwa vipande vyembamba.

Pili, kompyuta huunganisha picha hizo. Kisha hulifunika tabaka la juu kwa pembetatu ndogo ndogo, maelfu kwa maelfu, zilizoshikana kama wavu.

Tatu, kompyuta huujaza wavu huo kama mpira mpaka mikunjo inyooke. Pembetatu ni zile zile, kwa hiyo kila mahali panajulikana palikotoka. Sasa unene hupimwa, na ubongo wa mtu mmoja hulinganishwa na wa mwingine.

Anders Dale, Bruce Fischl na Martin Sereno waliandika maelezo ya njia hii mwaka 1999.

Inasaidia nini? Wapo wenzetu wenye kifafa. Kwa baadhi yao, chanzo ni sehemu ndogo ya tabaka hilo ambayo haikukua vizuri, tena imejificha ndani ya mkunjo. Ramani huweza kumwonyesha daktari mahali hapo. Wengine wana vifuko vya minyoo ya tegu kichwani. Hivyo huweza kuonekana kwa picha za kichwa bila ramani. Watafiti waliwakuta wagonjwa wa namna hiyo Haydom, jirani na mkoa wetu wa Singida, wakatoa taarifa mwaka 2009.

Ramani hizi hutumiwa zaidi na watafiti na hospitali kubwa chache duniani. Lakini somo ni letu sote. Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Si uchawi, wala hakiambukizwi kwa mate. Mwenzako akianguka, mwondoe penye moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Halafu mpeleke zahanati. Wagonjwa wengi hupata nafuu kwa kumeza dawa kila siku.

MASWALI
1. Kwa nini ubongo umekunjwa?
2. Pembetatu zina kazi gani?
3. Je, kijijini kwenu yuko mwenye kifafa ambaye hajafikishwa zahanati? Mtamsaidiaje?