Rangi za Sungura: Mafunzo Niliyopata Bandani

Nafuga sungura Lushoto, kwenye baridi ya milima ya Usambara, wa nyama na wa mbegu. Mnunuzi wa nyama hajali rangi. Anayetafuta dume wa mbegu ndiye huuliza, na maswali yake ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika rangi za kila mzao daftarini.

1. Weusi wawili huzaa mweupe

Kwa kila sifa ya rangi, mtoto hupokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni ya weupe wa macho mekundu hujificha inapokutana na jeni ya rangi, kwa hiyo sungura huonekana mweusi tii kumbe amebeba weupe. Wakipandishwa wawili wa namna hiyo, kila mtoto ana nafasi moja kati ya nne ya kuwa mweupe. Majirani husema dume mwingine aliingia bandani; hapana, weupe ulikuwamo tangu kwa mababu. Na nafasi hiyo haiahidi chochote kwa mzao mmoja: wanane wanaweza kutoka weusi wote, na mzao unaofuata ukaleta weupe watatu.

2. Mweupe naye ana rangi zake

New Zealand White ana jeni za weusi, kahawia au kijivu kama sungura yeyote, ila jeni zake mbili za weupe zimeuzuia mwili kuitengeneza rangi. Mpandishe na mwenye rangi, watoto watayafichua aliyoyaficha. Kuna pia mweupe wa macho ya bluu, aina ya Vienna, ambaye weupe wake hutokana na jeni nyingine kabisa. Mpandishe na mweupe wa macho mekundu, na ikiwa hakuna aliyebeba weupe wa mwenzake, watoto wote huzaliwa na rangi. Katika elimu hii yote sijaona jambo linalonifurahisha kuliko hili: weupe kwa weupe, na hakuna mtoto mweupe.

3. Dume hupimwa kwa watoto wake

Ukitaka kujua kama dume mweusi amebeba weupe, mpandishe na jike mweupe wa macho mekundu. Akizaliwa mtoto mweupe hata mmoja, jibu umepata. Wasipozaliwa, hesabu. Dume aliyebeba weupe ana nafasi moja kati ya mbili ya kuupitisha kwa kila mtoto. Kwa dume aliyeubeba, nafasi ya watoto wanne kuwa na rangi wote ni 1 kati ya 16. Wakiwa saba, ni 1 kati ya 128, na hapo mimi humuuza kwa dhamiri safi. Sharti jike awe amepandwa na dume huyo peke yake, maana mzao mmoja unaweza kuwa na baba wawili.

4. Baridi hukoleza rangi

Sungura aina ya California hutiwa weusi masikioni, puani, miguuni na mkiani kwa sababu jeni yake hutengeneza rangi pale tu mwili unapopoa. Wangu wa Lushoto wana masikio meusi kuliko ndugu zao wa mzao huohuo niliowapeleka kwa shangazi Tanga, kwenye joto la pwani. Usimkatae dume wa pwani kwa sababu masikio yake yamepauka.

5. Usipandishe madoa kwa madoa

Nasema madoa ya mwili mweupe, yenye kipepeo puani, duara machoni na mstari mgongoni. Mwenye jeni moja ya madoa hupendeza. Mwenye mbili huwa karibu mweupe mtupu, na wengi wao hupata ugonjwa wa utumbo mpana kutanuka: chakula hukwama, mnyama hudhoofika na hata kufa. Madoa kwa madoa huwaweka watoto katika hatari hiyo, mmoja kati ya wanne. Mpandishe mwenye madoa na wa rangi moja; nusu ya watoto kwa wastani watakuwa na madoa, na hakuna atakayerithi jeni mbili. Nakuomba, mfugaji mwenzangu, hili lifuate hata kama mengine utayaacha.