Kupanda Baiskeli ya Gurudumu Moja Bila Kushikilia: Somo la Msawazo wa Mwili

Utangulizi

Baiskeli ya gurudumu moja hujulikana zaidi katika michezo ya sarakasi, ingawa nchini Japani ni chombo cha kawaida cha kuchezea watoto katika shule nyingi za msingi. Kwa kawaida haina usukani, na pedali zake zimeunganishwa moja kwa moja na ekseli, hivyo gurudumu likizunguka, pedali nazo huzunguka. Anayejifunza huanza kwa kushika ukuta, uzio au bega la mwenzake. Hatua inayowashinda wengi ni kuipanda mahali pa wazi, pasipo na kitu chochote cha kushika.

Makala hii inaichambua hatua hiyo kwa kuwa inadhihirisha jinsi mwili unavyojifunza msawazo, yaani uwezo wa kujizuia kuanguka. Maarifa hayo yanamhusu pia mgonjwa wa kiharusi anayejifunza upya kuinuka kitini, pamoja na ndugu na wahudumu wanaomsaidia. Katika hali zote mbili swali ni moja: msaada utolewe kwa kiasi gani, na upunguzwe kwa utaratibu upi?

Msawazo hutokea vipi?

Ubongo hupokea taarifa za msawazo kutoka sehemu kuu tatu. Ya kwanza ni macho, yanayoonyesha mwili ulivyo kulingana na vitu vinavyouzunguka. Ya pili ni sikio la ndani, ambalo lina mifereji mitatu inayotambua kichwa kinapogeuka, na viungo viwili vidogo vinavyotambua mwinamo wake na mwendo wa kwenda mbele, nyuma, juu au chini. Ya tatu ni hisia zinazotoka katika misuli, maungio na nyayo. Ubongo huzilinganisha taarifa hizo, kisha huamuru misuli irekebishe mkao. Ubongo mdogo, ulioko upande wa kisogoni, hulinganisha tendo lililokusudiwa na tendo lililotokea, na kutumia tofauti hiyo kuboresha jaribio linalofuata.

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Mwili hujifunza msawazo kwa kuhisi makosa madogo na kuyasahihisha wenyewe. Ukuta ukiyazuia makosa yote, ubongo haupati cha kusahihisha, na mwanafunzi huishia kujifunza kuegemea ukuta. Kwa upande mwingine, kosa likiwa kubwa kupita kiasi, mtu huanguka, huumia na hujaa hofu. Msaada unaofaa ni ule unaoacha makosa madogo yatokee na kuzuia yale ya hatari.

Hatua za kupanda

Mwanafunzi huchagua mahali tambarare na pakavu, mbali na magari. Urefu wa kiti hurekebishwa ili mguu ukanyagapo pedali iliyo chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Gurudumu huwekwa mbele ya mwanafunzi, na kiti huinamishwa kumwelekea hadi kikae katikati ya mapaja yake. Pedali moja huwa upande wake, chini kidogo ya ile ya mbele. Huweka juu yake mguu aliouzoea, na kwa mkono mmoja hushika sehemu ya mbele ya kiti.

Kosa la kawaida hutokea hapa. Mwanafunzi huikanyaga pedali ya nyuma kwa nguvu kana kwamba anapanda ngazi, na gurudumu hurudi nyuma na kumgonga ugoko. Anachopaswa kufanya ni kuuelekeza uzito wake kwenye kiti, kisha kujisukuma kwa mguu ulio ardhini ili mwili upande juu na kwenda mbele, hadi kiwiliwili kiwe juu ya gurudumu. Wakati huo mguu wa pili huitafuta pedali ya mbele. Ukishaifikia, huikanyaga mara moja na safari huanza.

Kuanza safari mara moja kuna sababu yake. Eneo linalogusana na ardhi ni dogo mno, na haiwezekani kutulia juu yake kama gogo. Mwili unapoelekea kuanguka mbele, mpandaji huzungusha pedali mbele ili gurudumu lirudi chini ya uzito wake. Ukielekea nyuma, hupunguza kasi. Ukielekea kando, hugeuza gurudumu upande huohuo. Msawazo wake, basi, ni mfululizo wa maporomoko madogo yanayowahiwa kabla hayajawa makubwa.

Kupunguza msaada hatua kwa hatua

Njia mojawapo ya kujifunza ni kuweka kigingi cha mbao nyuma ya gurudumu, upande wa mwanafunzi, ili lisirudi nyuma. Mwanafunzi akishaweza kupanda mara kadhaa mfululizo, kigingi hubadilishwa kwa kingine kifupi zaidi, na hatimaye huondolewa. Vivyo hivyo, anayeshika bega la mwenzake huanza kwa kukamata, kisha huweka kiganja bila kukamata, kisha hugusa kwa ncha za vidole.

Mguso huo wa mwisho una thamani ya pekee. Tafiti za msawazo zimeonyesha kwamba ncha ya kidole ikigusa kitu kilichotulia, hata kama haikibebeshi uzito, kuyumba kwa mwili hupungua. Kidole hicho hakiubebi mwili, ila kinaupasha ubongo habari. Msaada, kwa hiyo, waweza kulinganishwa na dozi ya dawa: huanza kwa kiasi kinachohitajika, hupunguzwa kwa kufuata maendeleo, na haukatizwi ghafla.

Paul Fitts na Michael Posner walieleza mwaka 1967 kwamba ujuzi wa mwili hupita katika ngazi tatu. Kwanza mtu hufikiria kila kitendo, kisha makosa hupungua na vitendo huungana, na mwishowe tendo hufanyika bila kulifikiria sana. Anayejifunza asikate tamaa akijiona mzito katika ngazi ya kwanza. Mazoezi mafupi yenye mapumziko, pamoja na usingizi wa kutosha, huusaidia ubongo kuhifadhi kilichojifunzwa.

Kutoka gurudumu hadi kitini

Kipimo cha msawazo cha Berg, kilichotokana na kazi ya Katherine Berg na wenzake nchini Kanada, kina majukumu 14 na alama 56 kwa jumla. Jukumu la kwanza ni kuinuka kutoka kitini huku mtu akijaribu kutotumia mikono. Kwa mwenye afya ni jambo dogo, lakini kwa mgonjwa wa kiharusi huenda likawa ndilo linaloamua kama ataweza kwenda msalani bila kumngoja mtu.

Nyumbani mara nyingi ndugu humwinua mgonjwa kwa kumvuta mkono au kumnyanyua kwapani. Nia yao ni njema, lakini kuna madhara mawili. Bega la upande uliopooza hulegea, na kulivuta kwaweza kuliumiza na kuleta maumivu ya muda mrefu. Pili, mgonjwa anayenyanyuliwa mzimamzima hapati nafasi ya kujifunza kuinuka.

Baada ya mtaalamu wa fiziotherapia kumpima na kuridhia, mgonjwa aweza kufanya zoezi hili. Kiti kiwe imara, chenye mahali pa kuegemeza mikono, na kiegemezwe ukutani. Mgonjwa asogee ukingoni mwa kiti, nyayo zikanyage sakafu kikamilifu, na visigino viwe nyuma kidogo ya magoti. Ainamishe kiwiliwili mbele hadi kichwa kifike juu ya nyayo, ndipo ainuke. Kama ilivyo kwa mpanda baiskeli, uzito hutangulia mbele kabla mwili haujapanda juu. Kisha aketi polepole bila kujitupa.

Mwanzoni kiti kiinuliwe kwa mto mgumu usioteleza, na mgonjwa ajisukume kwa mikono kadiri awezavyo. Baadaye aweke mikono mapajani, kisha aikutanishe mbele ya kifua, na hatimaye kiti kishushwe. Msaidizi asimame upande dhaifu, tayari kumdaka, bila kumbeba. Hatua mpya ianze pale tu iliyotangulia inapofanyika mara kadhaa kwa usalama.

Tahadhari

Baiskeli ya gurudumu moja si tiba ya kiharusi, na mgonjwa asiijaribu. Watu wenye kifafa kisichodhibitiwa, kizunguzungu cha mara kwa mara, mifupa dhaifu, wajawazito na wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda nao wajiepushe nayo. Anayeruhusiwa avae kofia ngumu, kinga za vifundo vya mikono na za magoko, na viatu ambavyo kamba zake hazining'inii. Anayeanguka na kukinga kwa mkono ulionyooka huweza kuvunjika mfupa karibu na kifundo cha mkono.

Mgonjwa anayefanya zoezi la kuinuka asimame kwa muda mfupi kabla ya kupiga hatua, kwani shinikizo la damu huweza kushuka. Aache zoezi apatapo kizunguzungu, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, na aombe ushauri wa daktari. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi kusipokoma, apelekwe hospitali haraka. Udhaifu mpya wa ghafla wa mkono au mguu, kupinda mdomo au kushindwa kusema ni dalili za dharura: afikishwe hospitali mara moja.

Hitimisho

Mkono unaomsaidia mgonjwa ni sehemu ya matibabu yake, nao una kipimo chake. Ukikosekana mapema, mgonjwa huanguka. Ukikawia kuondoka, humfunga kitini. Inafaa kila siku ya mazoezi mhudumu na ndugu wajiulize ni kiasi gani kidogo zaidi cha msaada kitakachomwezesha mgonjwa huyu kuinuka salama leo, na watoe kiasi hicho.