SOMO: KIBAO CHA KUPELEKA HABARI ZA MVUA KWA REDIO

Mnamo Novemba 2009 mvua kubwa iliporomosha udongo katika kijiji cha Goha, Wilaya ya Same, na watu zaidi ya 20 wakapoteza maisha. Katika Milima ya Upare mvua huweza kumwagika juu ilhali Same mjini vumbi linapepea. Kwa hivyo kipimo cha mvua hakina budi kukaa mlimani, nacho kijitumie habari chenyewe.

Kibao cha ESP32 chenye redio ya LoRa chafaa kazi hiyo. Mawimbi ya Wai-Fai hayafiki mbali. Ya LoRa hufika kilomita kadhaa, mradi kipokezi cha kijijini kiwekwe mahali pa wazi.

Ndugu msomaji, funga antena kwanza, ndipo utie umeme; ukighafilika waweza kuiunguza redio. Unganisha kibao na kompyuta kwa waya unaopitisha data. Nyaya nyingi za kuchajia simu hupitisha umeme tu, na wanafunzi huhangaika bure kutwa nzima. Programu ikikataa kupakiwa, shikilia kitufe kilichoandikwa BOOT, kisha ujaribu tena.

Programu iagize hivi: kibao kilale ili kuhifadhi betri; kijiko cha kipimo kikijaa na kupinduka, kiamke, kihesabu, kilale tena. Hesabu iwekwe katika kumbukumbu ya RTC, isije ikafutika usingizini. Kijiko kikipinduka mfululizo, habari zipelekwe papo hapo. Hata pasipo mvua kibao kitume salamu kila saa, kwani kimya cha kiangazi na kimya cha betri iliyokwisha havitofautiani. Saa ikipita bila salamu, mtu apande akakitazame.