Gari Kuukuu na Baridi ya Julai

Baridi ya Julai hapa Meru huyatesa magari ya zamani yenye kabureta, kama Peugeot 504. Petroli ikiwa baridi haigeuki mvuke upesi. Choki hupunguza hewa ili petroli iwe nyingi zaidi na injini ishike.

Mwaka jana pikapu ya mjomba ilikataa kuwaka, viazi vikachelewa soko. Akanunua betri mpya, ingawa stata ilizunguka vizuri. Kumbe waya wa choki ulikuwa umekatika!

Basi sikiliza kwanza. Stata ikizunguka polepole, shuku betri. Ikizunguka vizuri, fungua plagi. Ikiwa kavu, petroli haifiki au choki haifanyi kazi. Ikiwa imelowa, petroli imezidi au cheche hakuna. Injini ikipata moto, rudisha choki, ama utaona moshi mweusi. Chunguza kabla ya kununua.