Printa ya Mtandao Isipochapa: Kagua Anwani Kabla ya Kumlipa Fundi
Printa iliyochapa jana na leo ikanyamaza si lazima iwe mbovu. Umeme ukikatika na kurudi, ruta huweza kuipa anwani mpya ya IP, ilhali kompyuta yenye Linux ingali inatuma kazi kwenye anwani ya zamani. Tunamshauri mtumiaji achape kwanza ukurasa wa taarifa za mtandao kutoka kwenye printa yenyewe, kisha afungue kivinjari, aandike localhost:631, na kuulinganisha na anwani iliyomo katika CUPS, programu inayosimamia uchapishaji. Zikitofautiana, arekebishe ya CUPS. Foleni huenda ikabaki imesimamishwa, aifungue. Fundi anayedai vipuri kabla ya ukaguzi huu, ambao hauna gharama, asilipwe kwanza.